Nimekuta hati ya uhuru ya babu yetu, na harusi ya mtoto wa kaka imekaribia

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na minne. Naishi Dar es Salaam lakini kwetu ni Tabora. Majina nitakayoyataja nimeyabadilisha, na jina la ukoo wetu sitaliandika kabisa, maana ndilo lenye mzigo. Ni jina la Kiarabu, la kuanzia na "Al", na ukilitamka Unguja au Maskati watu wanajua papo hapo unazungumzia nyumba gani.

Sisi tumelikuta. Baba alilitumia, babu alilitumia. Nyumbani hatukuwahi kuambiwa kwamba sisi ni Waarabu, na ukitutazama hutatudhania hivyo, lakini pia hakuna aliyetuambia vinginevyo. Tukiulizwa kabila tulisema Wamanyema. Tukiulizwa jina tulitaja hilo. Utotoni sikuona kwamba majibu hayo mawili yanaweza kugombana.

Baba alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini nilipewa kazi ya kupanga karatasi zake, nikaondoka Tabora na sanduku lake la bati. Ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya stakabadhi za kodi na ripoti zetu za shule, kulikuwa na karatasi nene ya zamani, imekunjwa mara nne, imechapwa kwa Kijerumani. Nafasi zilizoachwa wazi zimejazwa kwa wino, na chini pana muhuri wa tai. Mwanangu aliipiga picha akajaribu kuitafsiri kwa simu. Maneno yaliyochapwa yalisomeka, mwandiko wa mkono ukashindikana. Nikaipeleka kwa mtawa mmoja mstaafu aliyewahi kusoma Ujerumani. Aliisoma taratibu, kisha akaniuliza, "Feruzi ni nani kwenu?"

Feruzi ni baba yake babu. Hati imeandikwa Tabora, mwaka 1906. Inasema kwamba Feruzi, mtu wa Manyema, anayekadiriwa kuwa na miaka 25, ni mtu huru kuanzia siku hiyo, na inamtaja aliyekuwa bwana wake. Mwisho wa jina la huyo bwana ndipo lilipo jina letu. Lile ninalotia saini. Lile lililo kwenye kitambulisho changu cha taifa na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wanangu.

Mama, ningeweza kuirudisha karatasi ile sandukuni nikanyamaza. Lakini kuna kaka yangu.

Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka minane. Miaka ya karibuni aliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye jina hili: wa Unguja, Tanga, Dubai, Maskati. Walimpokea kwa mikono miwili. Wanamwita mwana wa ami. Alipofanyiwa upasuaji walimchangia fedha nyingi kuliko sisi tuliozaliwa naye tumbo moja. Baada ya baba kufariki alikuwa amenyongʼonyea, na watu hawa ndio waliomwinua. Siku hizi akizungumza juu ya ukoo macho yanamngʼaa.

Humo ndimo ilimotoka posa. Binti yake, nimwite Rehema, alikutana na kijana wa Maskati kwenye harusi ya watu wa kundi hilo, wakapendana. Rehema ni muuguzi, ana akili zake timamu, na kijana nimemwona, ni mpole. Wazazi wa kijana hawana neno. Ila bibi yake ameomba apelekewe mti wa nasaba wa bibi harusi. Kaka ameuchora. Akanitumia niuhakiki kwa sababu mimi ndiye mwenye karatasi za baba. Kwenye mti huo Feruzi ameandikwa mtoto wa yule bwana.

Nilisafiri hadi Tabora kumwuliza shangazi yetu, dada yake baba, ambaye ana miaka themanini na sita na kumbukumbu zake bado ziko pamoja. Nilipomtajia Feruzi na hati alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mama yake Feruzi alikuwa mtu wa ndani kwa yule bwana. Basi. Yaliyopita si ndwele, usinichimbue." Hakuongeza neno.

Sijamwonyesha kaka hati. Sijamjibu kuhusu mti wake. Nikinyamaza, naona nashiriki uongo katika ndoa ya mtoto ninayempenda kama wangu. Nikisema, nitamvunja kaka, nitaivunja harusi, na nitamwaibisha shangazi uzeeni. Na liko lingine linaloniumiza peke yangu: nitaendeleaje kubeba jina la mtu aliyemmiliki babu yangu? Juzi kazini nilitakiwa kutia saini, mkono ukasita. Nimewaza kubadili jina. Nimewaza kwenda Manyema kutafuta watu wetu wa kweli. Wakati mwingine nawaza kuichoma tu karatasi ile.

Naomba unisaidie kufikiri.

Mwenye Sanduku,
Dar es Salaam

JIBU LA MSHAURI

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa baba. Pole pia kwa kuubeba mzigo huu peke yako, maana nikikusoma naona mtawa wa watu anajua siri ambayo kaka yako haijui, na hali hiyo yenyewe inachosha.

Naanza na lile la kuichoma, kwa sababu ndilo pekee lisilorudishika. Mengine yote unaweza kuyafanya leo au mwakani. Karatasi ikishakuwa majivu, umewaamulia Rehema, wanao na wajukuu ambao hawajazaliwa. Nakuomba hilo liweke kando, kisha tuongee.

Barua yako imeshona vitu vitatu pamoja mpaka vinaonekana kitu kimoja: hati inasema nini, ndoa ya Rehema itakuwaje, na wewe ni nani. Kinachokukosesha usingizi, nadhani, ni kwamba unatafuta jibu moja la kuyamaliza yote. Huenda kila kimoja kina jibu lake na wakati wake.

Hati kwanza. Wajerumani hawakuufuta utumwa Tanganyika. Waliupunguza kidogo kidogo: walitoa hati kama hiyo yako kwa maelfu ya watu, na mwaka 1904 waliweka amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Waingereza ndio walioufuta kisheria bara, mwaka 1922. Unguja na Pemba hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo mwaka 1906 kijana mzima wa Tabora hakuguswa na amri ile ya watoto. Ilibidi apate njia nyingine. Wapo walioachwa na mabwana wao kwa hiari, wapo waliokombolewa na mtu mwingine, na wapo waliojikomboa wenyewe kwa fedha walizopata kwa upagazi, kilimo au biashara ndogo. Mwombe mtawa aisome tena akitafuta jambo moja: je, hati inaeleza Feruzi aliupataje uhuru wake? Ikiwa alilipa kwa jasho lake, naamini utaitazama karatasi hiyo kwa jicho jingine, na kaka yako pia.

Sasa ngoja nikuulize juu ya jambo ulilolichukua kama limethibitika. Unaandika kama vile hati imemaliza suala la damu: bwana ni bwana, mtumwa ni mtumwa, kwa hiyo mti wa kaka ni uongo. Hati haisemi hivyo. Hati inasema hali ya kisheria ya Feruzi ilikuwa nini mbele ya boma la Tabora. Haisemi baba yake alikuwa nani.

Jina lile lingeweza kumfikia kwa njia mbili, na zote zilikuwa za kawaida katika nchi hii. Njia ya kwanza ni ya kuachwa huru. Mtumwa mara nyingi alikuwa na jina moja tu, Feruzi, Mabruki, Almasi, Baraka. Akiwa huru alihitaji kujulikana ni wa upande gani ili akopeshwe bidhaa, ashuhudiwe barazani, aozwe, na azikwe na watu. Akajulikana kwa jina la nyumba aliyotoka. Fikihi ya Kiislamu ina jina la uhusiano huo, walaa, na wanazuoni wameulinganisha na ujamaa wa nasaba. Hata watu wa misafara walibeba majina ya wakubwa wao. Yule Mabruki aliyesafiri na Mwingereza Speke kwenda maziwa makuu akaja kujulikana kama Mabruki Speke, na hakuna anayedhani kwamba Speke alikuwa baba yake. Mwenzake Sidi Mubarak alibeba jina la mji wa India, Bombay.

Njia ya pili ni ile shangazi aliyoigusa akaikimbia. "Mtu wa ndani," yaani suria, mtumwa wa kike anayelala na bwana wake. Kwa sheria waliyoifuata watu wale, mtoto wa suria ambaye bwana amemkiri ni huru tangu kuzaliwa na anaichukua nasaba ya baba yake, sawa na watoto wa mke wa ndoa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye jumba la Sultani. Watoto wa Sayyid Said wa Unguja waliobaki baada yake walizaliwa na masuria. Barghash alikuwa mtoto wa suria wa Kihabeshi, na Bibi Salme mama yake alikuwa Mcherkasi aliyenunuliwa. Kwa hiyo kama Feruzi angekuwa mwana aliyekiriwa, tungetarajia asihitaji hati, na hapo hati yako ina uzito dhidi ya mti wa kaka. Lakini mabwana waliokataa kuwakiri watoto wao walikuwepo. Waliokufa kabla ya kusema walikuwepo. Warithi waliofaidika kwa kunyamaza walikuwepo pia. Feruzi anaweza kuwa mwana wa damu aliyenyimwa ubaba. Anaweza kuwa kijana aliyeletwa na mama yake kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, asiye na tone la damu ya nyumba ile. Karatasi moja haiwezi kutuchagulia kati ya hayo, na kaka kwa upande wake hana karatasi yoyote.

Ndiyo maana neno "uongo" ningeliacha kwanza. Kaka ameandika alichoamini, au alichotamani. Na kuna uwezekano ambao barua yako haikuugusa: kwamba anajua. Yeye ndiye mkubwa, na amekaa na baba miaka minane kabla yako. Baba aliyeitunza hati ile kwa uangalifu wote huo, akaikunja vizuri na kuiweka bahashani, hakuwa mtu aliyekusudia isionekane kamwe. Huenda aliwahi kumwambia mwanawe wa kwanza, na mwanawe akachagua kusahau. Ukiingia kwa kaka ukidhani unampasulia habari mpya, nawe ukakuta anaijua, mazungumzo yatageuka kuwa mengine kabisa. Jiandae kwa hilo.

Tuje kwa Rehema. Huyu ndiye mtu ambaye maisha yake yanajadiliwa, na katika barua yako yote hakuna aliyemwuliza kitu. Ana zaidi ya miaka ishirini, ni muuguzi, anawaambia watu habari ngumu kila wiki. Unamhofia kama mtoto. Nakuelewa, shangazi ni mama. Ila hebu jiulize, ukiwa wewe ndiye unayehamia nchi ya watu, ungependa nani awe na karatasi hii: wewe, au mtu mwingine siku moja mkiwa mmegombana?

Kuhusu ombi la yule bibi, mimi si shekhe, na ningependa umwendee kadhi au mwanazuoni mnayemwamini. Lakini lipo jambo wengi hawalijui, nami nalitaja ili umwulize. Suala la kufu, yaani kulingana kwa wachumba, katika fikihi ni haki ya mwanamke na walii wake, msimamizi wake wa ndoa: linamtazama mwanamume, kama anafaa kwa huyo binti. Halikuwekwa ili mke apimwe kama anatosha kwa mume. Tena madhehebu hayakubaliani nasaba ina nafasi gani ndani yake. Wamaliki wanatazama zaidi dini na mwenendo, Mashafii wanaihesabu nasaba lakini wanaruhusu binti na walii wake kuisamehe. Kwa hiyo anachoomba bibi wa kijana kinaelekea kuwa desturi ya nyumba yao. Desturi zina nguvu, sizidharau, na huenda bibi mwenyewe anataka tu kujua mjukuu wake anaoa wapi. Lakini ni vizuri mjue mnajibu desturi, ili hofu isiwe kubwa kuliko jambo lenyewe.

Na mti wowote wa nyumba ile, mwanangu, ukiuchora kwa upande wa mama zao, sidhani kama utapanda vizazi vingi bila kufika kwa mwanamke aliyenunuliwa. Hilo si la kwenda kumwambia bibi wa watu usoni. Ni la kukukumbusha wewe usitembee umeinamisha kichwa.

Unaweza kufanya nini, basi? Kunyamaza ni njia mojawapo, na sitakuambia ni dhambi. Rehema anaolewa kwa tabia yake na kijana amempenda kwa alivyo. Hatari ya kunyamaza ni kwamba umeshaombwa kuhakiki. Ukirudisha mti ule bila neno, umeutia saini. Siku mambo yakijulikana, na kundi lenye wazee wanaochambua nasaba wakati wowote linaweza kujua, kaka atauliza kwa nini ulimwacha ajianike. Lakini kati ya kusema kila kitu na kunyamaza kabisa pana nafasi. Unaweza kumjibu kwamba kwenye karatasi za baba hukuona kinachothibitisha Feruzi alikuwa mwana wa yule bwana, na kumwomba aandike kwenye mti mpaka pale mnapojua kwa hakika, yaani Feruzi wa Tabora, bila kupanda juu yake. Ni kweli tupu. Hakijaandikwa cha uongo, wala hakijafichuliwa ambacho hamjaafikiana kukifichua. Ubaya wake ni kwamba kaka anaweza kuuliza, "Umeona nini?" Na hapo huna pa kupita.

Au umwonyeshe hati, mkiwa wawili, ana kwa ana. Usimtumie picha kwenye simu, maana picha ikishatoka haina mwenyewe. Ukichagua hivyo, ningekushauri usianze na ndoa wala kundi. Anza na baba: "Nimekuta kitu baba alikitunza." Mpe nafasi aishike na kuitazama. Huyu ni mtu aliyempoteza baba kisha akapata ami, na unachokiweka mkononi mwake kinaweza kuonekana kama unamnyangʼanya kwa mara ya pili. Atakasirika, pengine. Hasira yake ya siku ya kwanza isikupe jibu la mwisho.

Hao watu waliomchangia hospitali, wema wao ulikuwa wa kweli. Utakuwa umebatilika ikiwa Feruzi aliachwa huru na babu yao badala ya kuwa mwanawe? Baadhi yao watasema ndiyo, tusijidanganye. Wapo watakaotoka kimya kimya, na wapo watakaosema maneno yatakayouma. Lakini Kurani yenyewe, Surat al-Ahzab aya ya 5, inaagiza watu waitwe kwa baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu katika dini na maulaa, yaani watu waliofungamana kwa ile walaa. Aya hiyo inaweza kumpa kaka yako maneno ya kusimama nayo mbele ya wazee wale, akitaka. Kupeleka habari kwenye kundi ni kazi yake, kama ataona inafaa. Wewe usiifanye kwa niaba yake.

Kumwambia Rehema kabla ya baba yake kuna upande mzuri na mbaya. Mzuri ni kwamba yeye ndiye mwenye ndoa. Mbaya ni kwamba utamfanya atunze siri dhidi ya baba yake wakati wa harusi yake. Ungeweza kumpa kaka muda, ukamwambia waziwazi kwamba unataka Rehema ajue kabla ya ndoa kufungwa, na ungependa aambiwe na baba yake. Akikataa kabisa, utakuwa umebanwa kweli, na hapo wewe peke yako ndiye unayewajua hawa wawili kiasi cha kuamua.

Kuna kipimo cha vinasaba, najua mtu atakutajia. Ili kujua kama mstari wa baba unatoka kwa yule bwana, atahitajika mwanamume wa kwenu wa mstari huohuo, kaka yako kwa mfano, na mwanamume wa mstari wa yule bwana aliye tayari kupimwa. Wewe mwenyewe mate yako hayatajibu swali hilo, kwa sababu mwanamke harithi kromosomu ya Y ya baba. Na vipimo hivi vina tabia ya kujibu maswali ambayo hamkuuliza, ya vizazi vya karibu zaidi kuliko Feruzi. Kwa harusi iliyo mlangoni, mimi naona hatari yake ni kubwa kuliko faida. Baadaye, kwa utulivu, mkikubaliana, ni jambo jingine.

Kuhusu jina lako. Kulibadili inawezekana kisheria, kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha utembee nayo kitambulisho, benki, kazini, mirathi ya baba na vyeti vya watoto. Ni usumbufu, ila watu wanaumaliza. Swali langu ni tofauti: ukilivua, utavaa lipi? Ukijiita Feruzi, nitaelewa kabisa, ni jina la mtu aliyekuwa na hati ya uhuru mkononi. Lakini jua pia kwamba jina hili la sasa limekaa kwa babu yako na baba yako maisha yao yote wakiwa watu huru. Walisali nalo, walilipa kodi nalo, waliwasomesha nyinyi nalo. Uchungu unaousikia ukitia saini una haki ya kuwepo. Sioni sababu ya kuuharakisha uwe uamuzi.

Manyema nako uende kwa macho wazi. Neno hilo kwenye hati ya 1906 halikuwa jina la kabila moja. Watu wa misafara waliwaita hivyo wengi waliotoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, upande wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare: Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengineo. Wakiwa Ujiji, Tabora na baadaye Dar es Salaam walijijenga upya kama Wamanyema, wakawa na wazee wao na misikiti yao. Kwa hiyo unaposema "watu wetu wa kweli" wako Kongo, nakuuliza kwa upole: na wale waliowazika babu zako Tabora walikuwa nani? Kabla ya safari ndefu anza na wazee wa Kimanyema wa Tabora na Ujiji. Nyaraka za enzi ya Wajerumani zilizobaki nchini ziko Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, na kwa kuwa unajua mji, mwaka, na jina la bwana, unaingia pale na mengi kuliko watafutaji wengi.

Nimemwacha shangazi mwisho kwa sababu namfikiria zaidi kuliko wote. Umelichukua lile "usinichimbue" kuwa ni aibu. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa ni ahadi aliyompa mama yake, au huruma kwa mwanamke ambaye hakuulizwa kama alitaka kuwa mtu wa ndani. Hebu soma tena barua yako: Feruzi ana jina, bwana ana jina na ukoo, mama yake Feruzi hana. Shangazi labda ndiye mtu wa mwisho anayelijua. Ukirudi Tabora, usiende na hati wala maswali ya mirathi ya damu. Kaa naye, umsaidie kupika, na siku atakapokuwa na moyo mkunjufu mwulize tu yule bibi aliitwa nani, alipenda kupika nini, aliimba kwa lugha gani. Akikataa, mheshimu. Akisema, mwombe ruhusa kabla ya kuandika au kurekodi, na umwulize nani angependa wajue.

Wakati huo wote, hati itoe kwenye sanduku la bati, uifungue taratibu isiendelee kukatika kwenye mikunjo, uiweke kwenye bahasha safi mahali pakavu. Usiibandike plastiki. Na niandikie tena mwanangu, hata kama ni kuniambia tu kwamba bado hujaamua.